Kaza Kabla ya Kukohoa

4 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, nimejaliwa mtoto, ana miezi saba, mashavu yamemjaa. U hali gani? Miaka mitatu ni mingi, huenda barua hii ukaiwashia jiko.

Naandika kwa aibu. Tangu nijifungue, nikicheka au nikikohoa mkojo unanitoka. Juzi kazini kwa dobi niliinua kapu la mashuka mabichi, nikalowa kuyashinda. Nikakukumbuka ulivyopiga chafya mbele ya wageni, ukabaki umekaa mpaka wote wakaondoka. Mimi ndiye niliyeuona mto wa kiti. Mimi ndiye niliyemwambia kaka kwa kicheko, "Mkeo mnunulie nepi." Akahamia chumba cha pili, nawe ukaondoka.

Nisamehe. Ulipona? Ulifanyaje?

Wifi yako

2 Mei

Wifi,

Salamu zimefika. Mimi mzima, cherehani inanilisha. Hongera ya mtoto.

Barua yako niliiacha kabatini wiki saba. Nilitaka uonje kidogo. Kisha nikafikiria unavyombeba mtoto kwa hofu.

Nenda kliniki, umuulizie mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliyenitibu alisema kuna misuli chini ya nyonga, imetandazwa kama machela, ndiyo inayobeba kibofu. Uzazi huilegeza. Yangu ililegezwa na yule mtoto tuliyemzika, ulisahau?

Kaza kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe. Hesabu polepole, kisha legeza. Usibane matako, usizuie pumzi. Mimi aliponipima, kumbe nilikuwa nasukuma chini badala ya kuvuta juu! Na kabla ya kukohoa au kuinua kitu, kaza kwanza. Kila siku, miezi mitatu, usikate tamaa.

Kusamehe bado sijui. Mazoezi nayajua.

Aliyekuwa wifi yako

19 Agosti

Wifi,

Hujambo? Nina nafuu kubwa, kapu naliinua bila wasiwasi. Mtaalamu alinicheka: nami nilikuwa nasukuma chini.

La mtoto nilikuwa nimelisahau, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nimemweleza kaka kila kitu. Akauliza, "Kumbe ilikuwa na tiba?" Nikamjibu, "Tiba ilikuwepo, hatukuuliza." Anataka kuja kwako. Nimwambieje?

Wifi yako

6 Septemba

Wifi,

Nimefurahi kusikia umepata nafuu.

Kaka yako asije. Alikuwa akinisikia nikifua alfajiri, akageukia ukutani. Siku ile nilisimama mlangoni na begi, nikisubiri neno moja, hata "vipi?" Alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu sana.

Mwambie nimepona, basi.

Ila wewe niandikie. Nieleze kama mtoto ameanza kutembea, na anaangukia upande gani. Wangu angekuwa na miaka minne na nusu.

Wifi yako