Taa ya Zambarau Imemchoma Mama Mkubwa

Nyumbani kwa Mama Mkubwa,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitabu.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko ugenini? Masomo yanakwendaje, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia? Natumaini unakula vizuri, maana wewe ukishika kitabu unasahau tumbo. Sisi hapa tunaendelea. Nimekusalimu kwa adabu zote kwa sababu nimelelewa. Sasa niache niseme, nikinyamaza zaidi ya hapa nitapasuka.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Eti nimemmwagia Mama Mkubwa machoni dawa ya kufutia kiti. Eti nikae nyumbani mpaka niwaombe msamaha yeye na Meneja. Kaka! Mimi? Miaka sita nasafisha chumba cha kiti kwenye kliniki yako ya meno, leo nimekuwa mtu wa kumwagia wagonjwa dawa? Na umeamini hivyo hivyo, bila hata kuniuliza kulikoni.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka ulituachia utaratibu wako. Mgonjwa akishuka, dawa inapuliziwa kwenye kiti, kwenye mkono wa taa ya kazi na kwenye meza ya vifaa, inaachwa mbichi dakika kumi ndipo nafuta. Madirisha mawili wazi, feni inasukuma hewa nje, mlango umefungwa, haingii mtu kwa nusu saa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine ya kuchonga jino inarusha ukungu wa mate na damu, na ukungu huo unabaki hewani hata kama hatuuoni. Nilikuona msumbufu, lakini nilishika.

Meneja wako nusu saa hiyo ilimkera tangu siku ya kwanza. Sisi tunamwita Chapuchapu, na jina limemkaa. "Wagonjwa wanachoka kwenye benchi, nyie mmejifungia mnapepea hewa!" Basi mwezi uliopita kaja na taa ya zambarau ya kuulia vijidudu, kaitundika ukutani juu ya kiti kama picha ya harusi. Kuanzia hapo madirisha yafungwe, kusubiri kuishe, taa iwake kutwa na mgonjwa akiwemo.

Nilibisha kuhusu madirisha. Kuhusu taa sikubisha, na hilo ni kosa langu, nalikubali. Nilidhani ni pambo tu.

Jumatatu Mama Mkubwa alikuja kuzibwa jino la nyuma. Unamjua: miwani ya kujikinga ilimbana masikio, akaivua, akalala saa nzima uso juu, taa inammulika. Akaondoka anatania kwamba sasa atatafuna hata kokoto. Jioni akasema ana mchanga machoni. Asubuhi hakuweza kuyafungua kabisa, machozi yanamchuruzika, paji la uso limeiva jekundu, na mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka msalani. Yule mama asiyekubali hata kubebewa kikapu! Daktari wa macho aliniuliza jambo moja tu: je, alikaa karibu na taa ya kuulia vijidudu?

Nilikwenda kliniki mbio. Juu ya taa Chapuchapu alikuwa amebandika stika yetu ya "Karibu, Tabasamu". Nikaibandua kwa kucha. Chini yake kuna onyo, na mchoro wa mtu aliyepigwa mstari: isiwashwe chumbani akiwemo mtu. Nikamuuliza mbele ya wagonjwa, na unajua alijibu nini? "Kale kamchoro kalikuwa kanatisha wateja." Loo! Mtu mzima na ndevu zake! Nikaichomoa taa, naye akakimbilia simu kukupigia wewe.

Kama bado unasita, tumia udaktari wako. Mimi nilivaa ngao ya uso, ndiyo maana macho yangu ni mazima. Lakini shingo, kuanzia ngao inapoishia hadi kwenye kola, imebabuka, na mstari umenyooka utadhani umepigwa rula. Daktari wa zamu anao mstari huo huo, ila kaufyata ulimi kwa sababu mkataba wake unaisha mwezi huu. Dawa gani ya kufutia kiti inachora watu wawili shingoni? Nimekuwekea picha kwenye bahasha, ya shingo yangu na ya lile onyo.

Msamaha wa Mama Mkubwa nilishaomba, kwa kuiacha ile taa iwake bila kubisha. Kwa Chapuchapu siombi, leo wala kesho. Nasikia ameirudisha ukutani. Jumatatu naingia kazini, ruhusa iwepo isiwepo, nitasimama mlango wa chumba cha kiti, na hapiti mgonjwa taa ikiwa inawaka. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa hilo.

Mjomba fundi saa anakusalimu, anauliza utarudi lini. Binamu amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, naye anakusalimu sana.

Mama Mkubwa macho yamefunguka tangu jana. Siku tano zote hizi simu ilikuwa chini ya mto wake. Ikilia ananiuliza kama ni wewe. Chapuchapu umeongea naye mara mbili, mimi umenigombeza mara moja. Aliyekulea wewe na mimi hujampigia. Nimemwambia nakuandikia na nimekasirika, akanikataza nisikufokee. Amesema nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu nimepona, asije akaharibu masomo kwa kuniwaza."

Mungu akuweke na akupe kheri katika kila unachokishika.

Wako akupendaye, hata leo,
Kitindamimba