Neno Lililorudi Kwao

Mpendwa Papa,

Jumapili nilipita soko la Gare du Midi, hapa Brussels, nikaziona zile ndizi za kupika ulizokuwa ukizibonyeza moja moja mpaka muuzaji ananuna. Nilikukumbuka nikashindwa hata kununua.

Tulipokimbia kutoka kwetu Uvira, kila tulipolala njiani ulituambia, "Bon, batoto, hapa ni étape tu, kituo ya njiani. Tunakula, tunalala, kesho tunaendelea." Tulipofika Brussels ukasema hivyo hivyo, na miaka yote tuliyokaa mtaa wa Ganshoren mabegi yetu yalikaa juu ya kabati, tayari kwa safari.

Kisha yule jirani mzee, Mflandria mwenyeji wa huku, akakuambia neno lako, étape, lilizaliwa huku. Watu wake wa kale walisema stapel, ghala la bidhaa. Wafaransa wakalichukua, wakaliita étape: ghala la chakula cha wanajeshi walio safarini. Baadaye likawa mahali wanapolala, kisha mwendo wenyewe wa kituo hadi kituo. Likazagaa Ulaya nzima, hata Waflandria wakalipokea upya, etappe. Ulicheka mpaka machozi. "Donc neno lilikimbia, alors likarudia kwao! Na siye tutarudia."

Tangu hapo soko likawa darasa lako, kila muuzaji ukimuuliza kwao wanalitamkaje. Mreno wa zeituni akakupa etapa, Mpolandi wa jibini akakupa etap. Sisi tunakuvuta koti kwa aibu, wewe wala huna habari. Lakini mama mmoja Mrusi aliyeuza asali hakucheka. Kwao, alisema, etap ni msafara wa wafungwa, na babu yake aliondoka hivyo asionekane tena. Ulivua kofia. Ukanunua asali ambayo nyumbani hakuna aliyeipenda, na siku hiyo hukumuuliza mtu mwingine.

Papa, wewe kurudi hukujaliwa. Ulipotuaga, njia ya Uvira ilikuwa imefungwa na vita, tukakuzika hapa hapa chini ya msalaba wa mbao. Ndugu wa nyumbani walikataa jiwe la kaburi. Walisema njia ikifunguka tutakuhamisha, kwa hiyo tusikujengee. Sasa mbao imeanza kuoza na jina lako halisomeki vizuri. Kila nikija naumia, naona kama tumekuacha kituoni peke yako. Lakini nani angethubutu kusema kwamba umeshafika?

Jana fundi wa mawe ya makaburi alipiga simu kutaka jibu la mwisho, tunaweka jiwe au hatuweki. Nilimtazama Mama. Unamjua, maisha yake yote hakuwahi kukupinga hata siku moja kuhusu kurudi. Alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuinua uso.

"Aweke jiwe," alisema. "La kubwa. Na aache fasi ya jina yangu."

Nimemjibu fundi, Papa. Pumzika.

Binti yako mkubwa