Kompyuta Inasema Mwanangu Anavaa, Mimi Najua Havai

Bi Casilda, mshauri wetu wa kila Alhamisi, naomba unishike mkono maana kichwa changu kimekuwa uji. Nina miaka ishirini na mitatu na watoto wawili, naandika huku mdogo ananyonya, mwandiko unisamehe.

Binti yangu mkubwa, Danelis, ana miaka minne na hasikii vizuri tangu azaliwe, mwaka jana akapewa vifaa viwili vya kusikilizia, vile vya kukaa nyuma ya sikio, na mtaalamu wa masikio pale kliniki, Daktari Ivonne, mtu mpole sana, alimpima kwenye kile chumba kidogo ambamo hata pumzi yako unaisikia, akabofya kompyuta, akasema tayari mama, avae tangu anapoamka mpaka anapolala. Lakini mtaa wetu wa Rebolo si chumba cha kimya, Bi Casilda, jirani ana picó, spika kubwa kama kabati la nguo, ikipigwa hata masufuria yanatetemeka, na mimi nakaanga arepa, vile vimkate vya mahindi, za kuuza mlangoni, na mdogo analia, Danelis akivaa hazipiti dakika kumi anashika kichwa, anapiga yowe, anavichomoa na kuvitupa, mara ya tatu nimevikuta ndani ya supu. Nikachoka. Nikawa navifuta, nafunga vizuri vimlango vya betri asije akameza betri, naviweka kwenye chupa ya mchele juu ya kabati la jikoni, kama tunavyoweka kila kitu hapa kisiharibiwe na unyevu, humo vinakaa mpaka siku ya kliniki. Betri nabadilisha kila wiki mbili, kama ilivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, hilo sijawahi kusahau.

Mama mkwe wangu, Bi Nicolasa, ananiambia, "Yurleidis, hebu muache mtoto wa watu! Kiziwi gani anakata kiuno kuliko mama yake?" Na kweli anacheza, picó ikianza anakimbia kuegemeza mgongo ukutani, anacheza mpaka majirani wanampigia makofi. Mume wangu Wílmer anasema mama yake kasema kweli. Mimi sijui tena nani anasikia na nani hasikii humu ndani, maana huyo mama mkwe mwenyewe kila siku yuko jikoni na ufagio anamtafuta nyenje, anaapa mdudu huyo analia juu ya kabati, analia wiki nzima, anapotea, halafu anarudi.

Sasa sikia kilichonivuruga. Nilienda kliniki nimejiandaa kugombezwa, Daktari Ivonne akaunganisha vifaa na kompyuta, akageuka anatabasamu, "Masaa kumi na moja kwa siku! Mama Danelis, laiti wote wangekuwa kama wewe." Nilitaka kusema havai, lakini kompyuta imesema anavaa, mimi ni nani, nimeishia darasa la tisa. Nikanyamaza. Akashangaa mtoto bado hatamki hata "mama", akaongeza nguvu ya sauti, safari iliyofuata akaongeza tena, na sasa anasema vifaa vimeshindwa, Jumanne atatuandikia barua ya kwenda kupasuliwa, mtoto awekewe mashine ndani ya kichwa. Wílmer ameshakubali. Nikisema, si wataniona mwongo na kuninyang'anya vifaa? Nikinyamaza, mwanangu anapasuliwa. Na hayo masaa kumi na moja, anayevaa ni nani?

Yurleidis, Barranquilla

Yurleidis mwanangu,

Anayevaa ni mchele.

Ukifunga kimlango cha betri, kifaa kinawaka. Ukikifungua, kinazima. Wewe umekifunga kwa uangalifu wa mama, ukakitia chupani, kikakaa macho usiku na mchana mpaka betri ikafa, ukaweka nyingine, kompyuta ikagawanya masaa hayo kwa siku zote ikapata kumi na moja. Na vifaa vikibanwa mahali padogo hupiga mluzi. Mwambie Bi Nicolasa apumzishe ufagio.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulimwona mtu anakosea juu ya mwanao, ukanyamaza kwa sababu kakusifu. Nakuelewa, mama aliyechoka hasifiwi kila siku. Lakini kompyuta haikai Rebolo, wewe unakaa. Darasa la tisa linatosha kabisa kusema "hapana, havai". Na picó Danelis anaisikia kwa mgongo na nyayo. Maneno hayapiti kwenye nyayo, kwa hiyo na mama mkwe asikudanganye.

Nimemuuliza mtaalamu wa masikio ninayemwamini, naye kasikitika. Kasema tundu la sikio la mtoto ni dogo, sauti ileile humo huwa kali zaidi, kwa hiyo kompyuta peke yake haitoshi, lazima apitishiwe kamrija kembamba sikioni ipimwe sauti inayofika kweli, ndogo na kubwa. Mtoto amekua, vile vipira vya sikioni vichongwe upya. Na huyo Daktari Ivonne angeuliza kwanza mnaishi wapi, maana mara nyingi vifaa huweka kumbukumbu ya makelele pia. Masaa kumi na moja ya ukimya, Rebolo! Hapo mtu anashtuka.

Nguvu ya sauti ilipandishwa mara mbili kwa ajili ya mchele, basi usimvalishe tena mpaka ipunguzwe. Baada ya hapo anza na dakika ishirini asubuhi, jirani hajaamka, mtoto yuko mapajani, umwimbie, uvivue kabla hajalia, na uandike dakika hizo kwenye karatasi. Upasuaji si adui, huenda akauhitaji. Ila uamuliwe kwa masikio ya Danelis. Hakuna atakayekunyang'anya kitu kwa kusema kweli.

Jumanne nenda na Wílmer. Beba chupa yako, vifaa vikiwa ndani na betri mpya, vimlango vimefungwa kama siku zote, uiweke mezani kabla Daktari Ivonne hajagusa kompyuta. Ukishindwa pa kuanzia, kaa kimya usubiri. Nyenje ataanza.

Casilda