Sweta la Mkono Mmoja

Kwako mdogo wangu mpenzi, Profesa wetu mtarajiwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo mezani kwako, katikati ya hivyo vitabu ambavyo najua vimekuzingira kama nguo chafu za Jumatatu. U hali gani? Kikohozi kimekuacha? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako ni mzima, ila mgongo unamsumbua kwa kubeba mafriji ya watu ambayo yalikufa zamani na wenyewe hawataki kuamini. Mama mkwe amekuja tena kukaa nasi kidogo, naye anakusalimu sana. Mwanao Kifurushi ameota meno mawili ya juu na sasa anang'ata kila kinachopita mbele yake, bibi yake akiwemo. Mimi nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu anayefanya kazi, si ule mwingine. Huo nitaufikia, subiri.

Nakuandikia nikiwa kazini kwa dobi. Umeme umekatika, pasi zimepoa, na mwenye duka ametuambia tukunje mashuka mpaka urudi. Ya kwangu nimeshayakunja. Mwanao amelala kwenye kapu la foronya safi, amevaa soksi za kijani ulizomfumia, moja ameshaivua kwa meno. Basi nimepata nafasi ya kukujibu, nayo sijui itakwisha lini, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia ujue umeme umerudi.

Kwanza kabisa, asante. Nimeshakushukuru kwenye simu, lakini shukrani za simu ni kama maji ya mkononi. Kila alichovaa mtoto huyu tangu azaliwe kimetoka kwenye vidole vyako. Baba yake alimpa jina la Kifurushi kwa sababu hiyo, kwamba huyu hakuletwa na mkunga, aliletwa na posta.

Na nikwambie kitu kitakachokuchekesha. Nyumbani kwetu hatuhitaji kukuuliza tasnifu yako inaendaje. Tunatazama vifurushi. Sura ikienda vizuri, kimya, hatuoni hata uzi. Sura ikikwama, inakuja kofia. Msimamizi akikurudishia kazi imejaa wino mwekundu, kama shati jeupe lililofuliwa na soksi nyekundu, zinakuja kofia na soksi pamoja. Shemeji yako anasema ni mambo yale yale ya friji, likinguruma vizuri hakuna anayemkumbuka fundi. Zilipokuja kofia tatu mfululizo alizipanga juu ya friji la mteja, akazitazama, akatikisa kichwa, akasema shemeji yake leo yuko pabaya. Na ile ya tatu haikuingia hata kichwani. Ulikuwa umeuvuta uzi kwa hasira mpaka kofia ya mtoto ikawa inatosha chungwa. Tumeivisha chungwa kweli. Inapendeza.

Sasa barua yako. Nimeisoma, nimeikunja, nimeisoma tena. Unasema msimamizi alikukuta kwenye benchi nje ya maabara ukifuma, huku ukingoja kuvu zako za mahindi ziote kwenye visahani, akasema mbele ya wenzako kwamba mwenye muda wa soksi ana muda wa sura ya nne. Wenzako wakacheka. Ukaenda ukafunga sindano na nyuzi zote kwenye mfuko, ukampa mlezi wa bweni akufungie stoo. Tangu hapo unakaa mbele ya kompyuta kutwa, mikono magotini, na hujaandika hata aya moja. Unaona haya kwa sisi tunaokungoja. Unaniuliza mimi, kama dada yako, nikwambie ukweli bila kukuonea huruma: je, wewe ni mvivu, na je, urudi nyumbani.

Nitakujibu. Lakini unanijua, mimi swali silijibu kwa mlango wa mbele, lazima nizungukie uani.

Unakumbuka somo la kazi za mikono, tulipokuwa wadogo, tulipoambiwa kila mtoto aje na sindano zake? Sisi tulikuwa na jozi moja tu, spoku mbili za baiskeli ambazo baba alizisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ncha zikawa laini. Tukafuma skafu moja watu wawili, kwa zamu, mstari wako, mstari wangu. Mimi mkono wangu unabana, wewe mkono wako unaachia, basi skafu ikawa pana hapa, nyembamba pale, kama nyoka aliyemeza mayai. Tuligombana mpaka tukanuniana, na katika kununiana ndipo tulipopata ile desturi yetu. Ukimaliza mstari wako, unaiweka kazi juu ya mto wa mwenzako, sindano zikiwa humo humo. Husemi neno. Maana yake inajulikana: zamu yako.

Weka hilo kando kidogo, halafu ukumbuke sweta la kijivu.

Upande unaoujua wewe ni huu. Ulirudishiwa sura ya pili yote, ukakusanya vitu vya mtoto kwa hasira na machozi, ukavitia kwenye boksi, ukakimbia posta kabla haijafungwa. Baadaye ukagundua umetuma na sweta ambalo halijakwisha, lina mkono mmoja tu, na sindano zimo. Ukanipigia simu unacheka kwa aibu, ukaniomba nikurudishie ukamalizie. Nikakwambia usijali, nimeshaumaliza mkono wa pili. Ukasema, makubwa, dada bado unakumbuka kufuma. Tukacheka, tukaaga.

Upande usioujua ninao mimi, nao sijamwambia mtu hata mmoja nje ya nyumba yetu. Mama nitamwambia mwenyewe, kwa hiyo usimtangulie.

Mdogo wangu, kila uliponipigia simu baada ya mimi kujifungua nilikuwa nakwambia nimechoka tu. Haukuwa uchovu. Nilikuwa nalala nimeelekea ukuta. Niliujua ule ukuta wote, nilijua rangi ilipobanduka na msumari ulipokuwa. Mtoto akilia nilimsikia kama unavyomsikia mtoto wa jirani, unamwonea huruma, unangoja mwenyewe aje. Nilinyonyesha kwa sababu waliniwekea kifuani. Mama mkwe alimwogesha, shemeji yako aliacha kazi za watu akawa anafua nepi na kuzianika kwenye zile rafu za waya za mafriji, uani pote. Mama mkwe akiniita mama, "mama, kula kidogo," sikumwitikia. Haikuwa jeuri. Nilidhani anamwita mtu mwingine.

Na nilikuwa nawaza mambo ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu mwanao amelala karibu yangu, na kwa sababu yamepita.

Ndipo likaja boksi lako. Shemeji yako akalifungua kitandani, miguuni pangu, kwa mbwembwe, akitoa kimoja kimoja kama mwuza mitumba. Mimi nimeelekea ukuta wangu. Akatoa sweta. Mama mkwe akaliangalia, akasema huyu msomi wetu kasoma mpaka kasahau watoto wana mikono mingapi. Shemeji yako akacheka, akalishika kwa sindano moja ili alining'inize vizuri tumwone huyo mtoto wa mkono mmoja. Nikasikia ile sauti. Unaijua, wala si sauti hasa, ni kile kijilio kidogo cha mshono ukichomoka kwenye sindano, halafu mwingine, halafu mwingine.

Nikageuka. Nikasema, "Usivute! Linafumuka."

Sikuwa nimesema neno kwa sauti kwa muda ambao sitaki kuuhesabu. Mama mkwe alikuwa ameshika beseni, akaliweka chini polepole kana kwamba lina mayai. Nikakaa, nikanyoosha mkono, shemeji yako akanipa lile sweta kama anayempa mtu mtoto. Nikaanza kuiokota ile mishono iliyochomoka, mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano. Na wakati naiokota nikawa nafikiri jambo moja tu. Kwamba umeniwekea juu ya mto. Kwamba uko huko mbali na kuvu zako na misiba yako ya sura ya pili, lakini umejua hali yangu bila kuambiwa, umefika kwenye mkono wa kushoto, ukaacha sindano humo humo, ukanyamaza.

Nikafuma mstari mmoja. Mtoto akalia. Mama mkwe akaanza kuinuka, nami nikasikia sauti yangu inasema, "Subiri kidogo, mama anamaliza mstari."

Mama mkwe akakaa tena. Akainama kutafuta kitu chini ya kitanda, akakitafuta muda mrefu sana. Nami nikamaliza mstari wangu, nikamchukua mtoto wangu.

Sasa usije ukawatangazia watu kwamba sindano zinatibu. Shemeji yako alinipeleka kliniki, nesi akaniambia ugonjwa huu una jina, unawapata wengi, na una dawa. Dawa nilikunywa, na kwa nesi nilirudi mara nyingi nikazungumza mpaka nikajisikia mtu. Lakini aliyelala ameelekea ukuta hawezi kwenda kliniki. Lazima kwanza ageuke. Lile sweta ndilo lililonigeuza.

Kwa hiyo uliponipigia simu ukicheka, ukaniambia ulikosea, nilijiuliza kama kuna tofauti. Nikaona haipo. Kama hukunipa zamu, basi niliichukua, na mkono nimeumaliza. Ni mrefu kuliko wa kwako, na unabana, kama kawaida yangu. Wenzangu hapa kwa dobi walikuwa wanauliza mtoto huyu alivalishwa na nani gizani. Tuliukunja, tukaendelea. Halimtoshi tena, lakini silitoi kwa mtu.

Basi jibu lako ndilo hili. Mvivu hafumi mkono mzima wa sweta, mdogo wangu, muulize yeyote aliyejaribu. Hizo saa unazosema umezipoteza, mimi nilizipokea. Zilifika zote. Msimamizi wako simsemi vibaya, yeye anazijua kuvu zake, lakini hakuwemo chumbani mle. Kama angekuwepo angekuongezea uzi.

Ila mimi ni dada yako, sitakupaka mafuta tu. Kufuma ili upumzike na kufuma ili ukimbie ni mambo mawili, na mikono yako inatwambia ni lipi. Ile kofia ya chungwa ulikuwa unakimbia. Kwa hiyo nisikilize vizuri, na hapa sibembelezi. Nenda kwa mlezi wa bweni, mwamkie kwa adabu, uchukue mfuko wako. Andika ukurasa, hata kama ni mbovu. Ukishaandika, fuma mistari miwili. Ukurasa ukiharibika, fumua. Sweta umelifumua mara ngapi na hukulia? Kinachokuliza kwenye tasnifu ni nini, na yote ni kazi ya mikono yako ile ile? Na kofia usilete tena. Mtoto ana kichwa kimoja.

Kuhusu kurudi nyumbani, nyumbani ni kwako. Rudi ukimaliza, rudi ukishindwa, rudi hata ukiwa na njaa tu, mlango wetu hautafungwa mbele yako. Lakini usirudi kwa sababu ya maneno ya kwenye benchi. Hayo yaache hapo hapo kwenye benchi, wengine wayakalie.

Pamoja na barua hii kuna boksi. Ukilifungua usivute. Ni sweta, rangi ya udongo wa mfinyanzi, kipimo ni cha kwako. Nimelikadiria kwa lile shati ulilolisahau kwetu. Mbele nimemaliza, nyuma nimemaliza, mkono wa kulia nimemaliza. Ilinichukua muda, kwa sababu mtoto alikuwa ananing'ang'ania na uzi anautaka yeye. Mkono wa kushoto nimeuanza, nikaacha. Sindano zimo, ni zile zile zako, na kwenye ncha nimetia vizibo vya chupa ili mishono isichomoke njiani. Shemeji yako ndiye aliyevitoboa, na anasema hiyo ni kazi ya kiufundi, umtaje kwenye tasnifu.

Mikono haitalingana. Wa kwangu utabana, wa kwako utaachia. Si kitu. Siku ile ya kuvaa joho utalivaa kwa ndani, hakuna atakayeona, isipokuwa mimi, maana nitakuwa nimekaa mbele kabisa na mwanao mapajani.

Umeme umerudi, pasi zimeanza kunuka joto, na mwenye duka ananitazama. Mama mkwe anasema umalize shule uje umfundishe kufuma, maana mimi nina hasira naye. Shemeji yako anakusalimu, na mafriji yake pia. Mwanao ameamka, ameshaing'ata pembe ya barua hii, ukiiona imeloa ujue ni busu lake kwa mama mdogo wake.

Kunywa maji. Lala. Zamu yako.

Ni mimi dada yako,
Mama Kifurushi