Mashine ilivyompima Providence mbele ya wakwe

Akaliza, acha hayo mapishi, soma kwanza.

Leo Kagabo, ule mwanasayansi wetu anayetafuta dawa ya uzee kwa akili bandia, kaleta familia yake hapa kwetu Songo kumposa Providence. Sebule imejaa, fanta zimefunguliwa.

Mama yake Kagabo akamwambia mwanawe, "Soma matokeo ya damu, wote wasikie." Providence akadhani ni vile vipimo kanisa linavyotaka kabla ya ndoa. Kumbe Kagabo alikuwa ameipitisha damu ile kwenye mashine yake ya kupima umri wa mwili!

Akasoma kwenye simu akitabasamu: "Amezaliwa miaka ishirini na tisa iliyopita, lakini mwili wake iko na hamsini na moja."

Hamsini na moja, Akaliza! Mbele ya wakwe!

Mama mtu akapiga makofi. "Nimekuja kuchukua mukwe, munanipatia mudogo wangu wa kufuatana!" Nyumba nzima ikacheka, hata shangazi zake Providence.

Kagabo akasema mashine ilijifunza kwa damu ya Wazungu, huenda imekosea. Nani alimsikia?

Providence akasimama, akamgeukia Kagabo. "Achana na hao. Weye mwenyewe unaamini nini?"

Kagabo hakumtazama hata kidogo. Alifungua tena simu, akaiuliza mashine kama mwanamke huyu bado atazaa.