Sentensi Niliyoikata

Papa,

Baada ya kukuzika, nyumba yako ya Buffalo tumeirudisha kwa mwenyewe. Nilisugua jiko peke yangu, na koleo la theluji nikamwachia jirani wa chini. Mdogo wangu Riziki hakuja kusaidia. Yuko Columbus, ana mimba ya miezi mitano. Hataki kununua hata soksi ya mtoto, wala kusikia jina likitajwa. Mimba mbili baada ya mwanawe wa kwanza ziliharibika, unajua. Anasema hii nayo ina vumbi lako.

Vumbi lako. Wewe ndiye uliyeliita hivyo. Ulichimba mawe ya urani kwa mkono kule Katanga, bila kitambaa puani, na Riziki alizaliwa ungali unashuka shimoni. Hata hivyo ulitubeba sote mgongoni. Uliacha kubeba watoto hapa Amerika, baada ya kipindi changu cha redio.

Kila Jumamosi ulinisikiliza kwa simu, kisha ukanipigia huku Louisville kabla sijatoka studio. "Mama redio, leo umeua nani?" Ulitania matangazo ya misiba niliyosoma, na uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako. Siku ile hukupiga. Nilikuwa nimesema kwamba mionzi, hata kidogo, inaweza kuharibu urithi ambao mzazi humpa mtoto wake.

Wiki chache baadaye tulikutana kwako, mimi, Riziki na mwanawe, bado mchanga. Riziki akakunyooshea mtoto. Ukarudisha mikono nyuma.

"Bon, mumuweke kwa kiti. Nitamuangalia tu."

Riziki akacheka. "Papa, ni yeye anakuogopa, ao ni wewe unamuogopa?"

Hukumshika siku ile wala nyingine. Alipoanza kutembea alikufuata chumba hadi chumba, nawe ukaingia bafuni kunawa, ukakaa humo mpaka walipoondoka.

Papa, kuna sentensi niliikata. Ilikuwa kwenye karatasi mbele yangu: watoto wa watu waliopata mionzi wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na hadi sasa haijaonekana wazi kwamba wanazaliwa na magonjwa ya kurithi zaidi kuliko watoto wengine. Muda ulikuwa unakwisha na nilikuwa na tangazo la msiba la kusoma. Hicho ndicho kisingizio. Sababu ni kwamba habari ilikuwa na nguvu zaidi bila hiyo sentensi.

Na baadaye sikukuambia. Nilikuona unanawa, nikajua kwa nini, nikasema nitakueleza tukibaki wawili. Tulibaki wawili mara nyingi. Tuliongea habari za mpira.

Sikuambii kwamba vumbi lile halikuwa na neno. Mapafu yako yalilijua. Wala hakuna aliyeweza kuniapia kwamba mionzi kidogo haina hatari kabisa kwa kizazi. Lakini mimba huharibika kwa wanawake wengi ambao baba zao hawajawahi kuona mgodi. Na mtu aliyeacha kuchimba miaka mingi, akaoga, akavaa nguo nyingine, hampi mjukuu mionzi kwa kumpakata. Hilo ningelikueleza kwa dakika moja.

Juzi Riziki alinipigia. "Yaya Feza, wewe ni dada mkubwa, useme kweli. Papa alituachia nini ndani ya damu?" Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Ijumaa naendesha kwenda Columbus. Nitamwambia linalojulikana na lisilojulikana, kisha nitamwambia nilichokikata, na kwamba kwa sababu yangu mwanawe hakuwahi kukaa mapajani mwako. Huenda akanifukuza. Akinifukuza nitalala hotelini, nirudi kesho yake.

Kwako sina tena nafasi ya kusahihisha, Papa. Nakuaga nikijua hivyo. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: kabla mtoto huyu hajazaliwa, mama yake atakuwa ameisikia habari yote, na ataisikia kutoka kinywani mwangu.

Binti yako,
Feza