Mlango Ulizibwa, Mikia Ikaachana

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Profesa Maeng amesimama. Miaka tisa niko katika maabara hii ya Daejeon, na kila mkutano wa Jumatatu anakaa kiti kile kile, mikono kifuani. Leo kasimama! Kwa ajili ya slaidi ya Da-hye.

Niandike kwa utaratibu, labda roho itatulia. Kipokezi chetu ni protini iliyopenya ukuta wa seli ya ubongo: kichwa nje, mikia ndani. Glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe, ikigusa kichwa, katikati hufunguka mlango, kalsiamu inaingia, na hapo ndipo seli inapopata habari. Ndivyo nilivyofundishwa. Ndivyo nilivyomfundisha Da-hye alipokuja mwaka juzi, hajui hata kushika pipeti.

Leo katuonyesha mlango umezibwa kwa dawa, kalsiamu haipiti hata chembe — na bado, glutamati ikigusa kichwa tu, mikia ndani inaachana. Protini inajipinda yenyewe na kupeleka habari ndani bila kufungua mlango. Tunaona kwa rangi tulizobandika mikiani: ikikaribiana mwanga ni wa njano, ikiachana unarudi bluu. Ukuta mzima wa chumba cha mkutano ulikuwa bluu.

Profesa akamwambia kazi kama hii mtu huipata mara moja maishani. Akamwita "Da-hye". Mimi mpaka leo ni "Daktari Ok", kwa jina la ukoo.

Nilipiga makofi. Nadhani nilipiga kwa muda unaotosha.

Jumanne, 6 Novemba

Chakula cha mchana. Profesa kachukua kipande cha samaki kwenye sahani yake kwa vijiti, kamwekea Da-hye juu ya wali. Mbele ya wote. Da-hye akawa mwekundu, akakigawa, nusu akaniwekea mimi.

"Kula, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nikala. Ningefanya nini? Kumrudishia?

Na ngozi yake ile. Miaka ishirini na minane. Mimi nimetimiza thelathini na saba mwezi wa Agosti na hakuna aliyekumbuka isipokuwa yeye. Hilo nalo linaniudhi.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimefanya jambo la kijinga: nimetoa madaftari yangu ya zamani.

Tarehe 16 Juni 2015. Mwandiko wangu: *Mlango umezibwa. Mikia imeachana. Dawa imeharibika? Rudia.* Na chini yake, wino mwekundu wa Profesa: *Dawa ya zamani. Tupa.*

Nikatupa. Sikurudia hata mara moja.

Nilikaa na lile daftari magotini kama mtu aliyepewa mzigo asijue pa kuuweka. Miaka mitatu iliyopita! Niliiona kwa macho yangu haya, nikaomba radhi kwa kuiona.

Jioni nikamuuliza Da-hye, kama kwa mazungumzo tu, kama Profesa aliamini mara ya kwanza. Akacheka. Profesa alimwambia dawa imeharibika, atupe. Yeye akaitikia vizuri, kisha akarudia jaribio mara kumi na moja bila kumwambia mtu.

Mara kumi na moja. Kwa hiyo si bahati. Ningependa sana iwe bahati.

Jumatatu, 12 Novemba

Profesa anataka kupeleka makala tarehe 23, kwa sababu anahisi kuna wengine wanakaribia jambo hili hili. Ila kwanza jaribio lirudiwe na mtu mwingine. "Nataka mtu asiyeamini," akasema, akanitazama.

Alijuaje?

Bwana Tak, fundi wetu, atapanga visahani kumi na viwili vya seli na kuvipa namba. Ni yeye tu anayejua kipi kina dawa na kipi hakina; orodha ataifunga kwenye bahasha. Mimi napiga picha, napima, najaza jedwali.

Baada ya mkutano Tak kaniambia pembeni, kwa nia njema, kwamba ile nafasi ya kudumu ya Januari itaamuliwa kwa makala hii. Nilidhani imeshaamuliwa. Nilidhani ni yangu. Miaka tisa, nani asingedhani? Mkataba wa Da-hye unaisha Februari, kwa hiyo naye anaihitaji. Na makala ikikwama hapa, haitoki tena hadi msimu wa joto.

Ikikwama hapa. Yaani kwangu.

Ijumaa, 16 Novemba

Visahani vinane kati ya kumi na viwili vimekufa.

Kipasha joto cha hadubini kilipanda hadi nyuzi arobaini na moja. Mimi sikukipandisha. Huwa kinapanda chenyewe, kila mtu hapa anajua, na kila mtu hukirudisha. Nilikiona kinapanda. Nilikuwa naandika namba za visahani. Nikamaliza kuandika namba zote, kwa mwandiko mzuri, ndipo nikakirudisha.

Niandike mara moja tu, halafu nisiandike tena: nilikiona.

Niliwaambia mashine imeleta matata. Profesa akanuna. Da-hye hakununa! Alinishika bega, akasema seli anazo nyingine alizozikuza kwa ajili yake, za wiki mbili na nusu, nizichukue zote. Akanipa na chupa ya chai ya shayiri, maana aliona midomo yangu imekauka.

Natamani angekuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia.

Jumapili, 18 Novemba

Gongju, kwa Mama. Kabichi sitini za kimchi, achari ya pilipili ya msimu wa baridi, mgongo umekatika, mikono inawaka pilipili mpaka sasa. Mama anapaka, mimi napanga kwenye mitungi. Nikamsimulia habari za kazini, huku na huku, nikidhani nazungumza mambo ya kawaida.

Mama akasema bila kuinua kichwa: "Huyo Da-hye umemtaja mara nyingi leo kuliko ulivyomtaja mumeo siku ya talaka."

Nikamwambia ni mwenzangu tu.

"Anakukosea nini?"

Nikafikiria jibu kabichi mbili nzima. Mama hakuuliza tena, akanifungia mtungi wa pili na kusema ni wa huyo msichana, maana anaishi peke yake na hana wa kumtengenezea. Nimebeba yote miwili kwenye basi. Mizito kweli.

Jumatatu, 19 Novemba

Seli zake. Visahani kumi na viwili, Tak kavipanga upya, seli zote hai, zimetulia, matawi yametandaa vizuri — zimekuzwa na mtu mwenye subira. Nilikaa na kipasha joto kama mlinzi, sikukiondolea macho.

Sihitaji bahasha ya Tak kujua kipi kina dawa. Kwenye visahani sita kalsiamu haikucheza kabisa. Kimya. Milango imezibwa. Nikadondosha glutamati, nikahesabu sekunde, na pale kwenye kile kivimbe kidogo cha tawi, njano ikaanza kufifia. Taratibu. Kisha bluu. Nikaenda cha pili, bluu. Cha tatu.

Nilisahau kila kitu. Nilisahau ni za nani. Nilijikuta natabasamu peke yangu gizani kwa sababu protini moja, isiyoonekana, imeguswa nje na ikajikunja ndani, na seli imeelewa. Kwa dakika kama ishirini nilikuwa yule msichana niliyekuwa nilipoingia kazi hii.

Halafu Da-hye akagonga mlango kuuliza kama nimekula. Yote yakarudi.

Nimempa mtungi wa Mama. Akaukumbatia kabisa.

Jumatano, 21 Novemba

Kupima. Picha mia tisa. Kila kivimbe unachora mpaka wake kwa mkono kwenye kompyuta, na hapo ndipo kila kitu kilipo. Ukichora kwa kubana, bluu inaonekana wazi. Ukilegeza mpaka kidogo tu, upana wa unywele, njano ya jirani inaingia na bluu inapotea. Haitakuwa uongo hasa. Watu huchora tofauti. Hakuna atakayepima tena picha mia tisa.

Nimevipima vyote kwa kubana. Kisha nikavipima vyote tena.

Alhamisi, 22 Novemba

Da-hye kanionyesha rasimu. Majina: Bang Da-hye, Tak, Profesa. Mimi niko chini kabisa kwenye shukrani, "kwa mafunzo na ushauri". Akaniwahi kabla sijasema lolote, uso umemwiva: amemwambia Profesa jina langu liwe la pili. Profesa kasema tuone kwanza jaribio.

"Nitamwambia tena kesho, dada. Usijali."

Ananiombea! Yeye, mimi!

Nikamshukuru. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kumwonea mtu wivu, nikaona atajibu kweli.

Ijumaa, 23 Novemba

Saa tano na nusu asubuhi. Naandika hapa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Saa sita mkutano, Tak atafungua bahasha yake, Profesa atasoma jedwali langu kwa sauti, na mchana ule ule makala inakwenda au inabaki.

Profesa kanipita hapa sasa hivi na kikombe cha kahawa. Hakuuliza ninaandika nini. Aliniuliza tu: "Je, mikia iliachana?"

Nikamwambia jedwali liko tayari.

"Najua liko tayari, Yun-seon. Nauliza uliona nini."

Yun-seon. Miaka tisa.

Nikasema ataona mkutanoni. Akanitazama kidogo, akaendelea kupanda. Kisha ujumbe wa Da-hye kwenye simu: kanitunzia kiti karibu naye, na kama bado sijawa tayari atawachelewesha.

Jedwali liko magotini. Visanduku kumi na viwili, vyote vimejazwa kama nilivyoona. Kanuni ya maabara hii ni wino, tangu siku ya kwanza, hata Da-hye nilimfokea kwa hilo. Kalamu ya wino ninayo mfukoni.

Nimejaza kwa penseli, inayofutika.

Juu wanavuta viti. Tak kanichungulia mlangoni, kainua bahasha juu ili nione bado imefungwa, anasema wananisubiri mimi tu.